CHUMBA CHA KUJIOKOA NA TUFANI
Jinsi watu wa Marekani wanavyojijengea nyumbani mwao

Kila mtu wa Afrika ya Mashariki amepata kuona upepo wa chamchela. Jua likiwa kali na ardhi kavu, upepo huinuka ghafula uwanjani, huzunguka kama pia, hubeba vumbi na majani makavu, na pengine kofia ya mpita njia, kisha hutoweka. Watoto huufuata mbio wakicheka. Lakini iko nchi ambayo watu wake wakiona upepo uzungukao namna hiyo chini ya wingu jeusi hawacheki, bali hukimbia na watoto wao mikononi. Nchi hiyo ni Marekani, na upepo huo huitwa tonado. Katika makala hii tutaeleza jinsi watu wa huko wanavyojijengea, kila mtu katika kiwanja chake, chumba kidogo cha kujiokoa, na sababu ya chumba hicho kusimama hali nyumba nzima imebomoka.

UPEPO WENYEWE

Tonado na chamchela hufanana kwa sura, lakini asili yao ni mbalimbali. Chamchela huzaliwa na joto la ardhi, na aghalabu mbingu huwa hazina wingu. Tonado huzaliwa ndani ya wingu kubwa la mvua na radi, ikateremka mpaka chini kama mkonga wa tembo. Katika nyanda za katikati ya Marekani, yaani Texas, Oklahoma, Kansas na majimbo ya jirani, hewa ya joto yenye unyevu hutoka Ghuba ya Mexico, ikakutana na hewa kavu itokayo upande wa milima ya magharibi. Juu yake hupita pepo kali, ambazo mwendo wake na upande zielekeako si sawa na zile za chini. Ndipo wingu lenyewe huanza kuzunguka.

Kila mwaka nchi hiyo hupata tonado kama 1,200, hasa katika miezi ya Aprili, Mei na Juni. Zilizo nyingi ni dhaifu. Huangusha miti na kuezua mapaa, basi. Lakini chache zina nguvu za kutisha. Wataalamu huzipanga kwa madaraja, toka 0 mpaka 5, kwa kuutazama uharibifu zilioufanya. Aliyebuni kipimo hicho mwaka 1971 ni Ted Fujita, mtaalamu mzaliwa wa Japani aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Chicago. Baadaye kilitengenezwa upya, na tangu mwaka 2007 Marekani hutumia hicho kipya. Upepo wa daraja la 5 hupita maili 200 kwa saa.

Tarehe 18 Machi 1925 tonado moja ilikata majimbo matatu, Missouri, Illinois na Indiana, ikaua watu 695. Wala mambo hayo si ya zamani tu. Tarehe 22 Mei 2011 mji wa Joplin, katika Missouri, ulipoteza watu zaidi ya 150. Tarehe 20 Mei 2013 watu 24 walikufa katika mji wa Moore na pande zake, katika Oklahoma, na miongoni mwao walikuwamo watoto 7 waliokuwa shuleni, katika shule isiyokuwa na chumba cha kujiokoa.

KINACHOUA NI NINI?

Mtu aweza kudhani kwamba upepo huua kwa kumnyanyua mtu na kumtupa. Hayo hutokea, lakini walio wengi hufa kwa kuangukiwa na nyumba au kupigwa na vitu virukavyo. Ubao wa paa ukichukuliwa na upepo huo huwa kama mkuki. Bati huwa kama upanga. Tofali huwa kama risasi. Kadhalika yafaa kujua ya kuwa nguvu za upepo haziongezeki kwa kadiri ya mwendo wake tu. Mwendo ukizidi mara mbili, msukumo wake ukutani huzidi mara nne. Kwa hiyo nyumba iwezayo kustahimili upepo wa maili 80 kwa saa haina nusu ya nguvu zitakiwazo kwa upepo wa maili 160. Ina robo tu.

Nyumba ya kawaida huvunjika kwa utaratibu. Kwanza dirisha au mlango hupasuka kwa kupigwa na kitu. Upepo huingia ndani ukalisukuma paa kwa chini, na wakati uo huo upepo upitao juu ya paa hulivuta kwenda juu. Paa likisukumwa na kuvutwa namna hiyo huondoka. Na paa likiondoka, kuta hazina tena cha kuzishikilia, nazo huanguka.

Watu wa zamani walifundishana kwamba tonado ikija yapasa kufungua madirisha yote, ili hewa ya ndani itoke nyumba isipasuke. Wataalamu wamekwisha thibitisha kuwa si kweli. Mwenye kufungua dirisha aukaribisha upepo ndani, tena apoteza dakika ambazo angezitumia kujificha. Wengine walidhani kwamba msafiri aweza kujificha chini ya daraja la barabara kuu. Tarehe 3 Mei 1999, tonado kubwa zilipopiga Oklahoma, watu watatu waliojificha chini ya madaraja walikufa, maana upepo hupenya mle kwa nguvu, ukiwa umebeba mawe na vyuma.

TOKA HANDAKI MPAKA CHUMBA

Wakulima wa kwanza waliohamia nyanda zile katika karne ya 19 walichimba mahandaki karibu na nyumba zao. Walijenga kingo zake kwa mawe au mbao, wakafunika juu kwa magogo na udongo, wakaweka mlango wa kulala. Siku za amani waliweka humo viazi na vyakula vya akiba. Siku ya tufani waliingia wenyewe. Mahandaki hayo yaliokoa watu wengi sana. Lakini yalikuwa na kasoro tatu. Mlango wa mbao nyembamba haukuweza kuzuia gogo lirukalo. Maji ya mvua yaliingia. Na handaki lilikuwa nje, hata mama mwenye watoto wadogo ilimbidi kukimbia gizani katika mvua ya mawe.

Tarehe 11 Mei 1970 tonado ilipiga mji wa Lubbock, katika Texas, ikaua watu 26. Katika mji huo kuna chuo kikuu kiitwacho Texas Tech, na wataalamu wake wa ujenzi walianza kuchunguza magofu ya nyumba kwa bidii. Katika kazi hiyo ya miaka mingi waliona jambo la ajabu. Mara nyingi nyumba nzima ilikuwa imesagika, lakini katikati ya kifusi kimesimama kijichumba kimoja: bafu, au stoo ya kuwekea nguo. Sababu yake ni kwamba katika chumba kidogo kuta zi karibu karibu, na kila ukuta waushikilia mwenziwe. Basi wakajiuliza: ikiwa kijichumba kilichojengwa bila kukusudia upepo chaweza kusimama, je, kikijengwa kwa kusudi hilo?

Wakatengeneza mzinga wa kufyatua mbao kwa nguvu za hewa, wakajaribu kuta za kila namna. Mpaka leo jaribio ni lile lile: ubao wa uzito wa ratili 15 hufyatuliwa kwa mwendo wa maili 100 kwa saa kuelekea ukuta au mlango. Usipopenya, umefaulu. Mwaka 1998 idara ya serikali ya Marekani inayoshughulika na maafa, ijulikanayo kwa jina la FEMA, ilitoa kitabu chenye michoro ya vyumba hivyo, akipata bure mtu yeyote atakaye, ampe fundi wake. Michoro hiyo yakusudia upepo wa maili 250 kwa saa.

KANUNI MOJA

Kanuni ya chumba hicho ni nyepesi kueleza. Dari ifungwe na ukuta, ukuta ufungwe na msingi, na msingi uwe mzito wa kutosha kukaa mahali pake. Ni kama mzigo uliofungwa kamba: kamba yaweza kuwa nene namna gani, lakini ikifunguka mahali pamoja tu, mzigo wote humwagika. Mtu akijenga kuta za zege nene kisha akaweka dari ya misumari, hana chumba cha kujiokoa. Ana kisima cha kuangukiwa na vitu. Sasa tuangalie sehemu moja moja.

Mahali. Chumba kiwe karibu na watu wanapolala. Tangazo la hatari hutolewa na idara ya hali ya hewa, kwa redio, kwa simu na kwa ving'ora. Lakini toka tangazo mpaka upepo kufika, mara nyingi ni dakika 10 au 15, na mara nyingine hapana hata moja. Chumba kizuri kilicho mbali hakimfai mzee mwenye mkongojo. Kwa hiyo siku hizi wengi hukijenga ndani ya nyumba yenyewe, wakakitumia kila siku kama bafu au stoo, au hukichimba chini ya sakafu ya banda la motokaa.

Maji. Mwenye kuchimba chini ya ardhi aangalie kwanza maji yanakaa wapi. Chumba cha chuma kilichozikwa bila kufungwa barabara chaweza kuinuliwa na maji ya ardhini kikaelea kama mtumbwi. Tena tufani haiji peke yake. Huja na mvua. Mwezi wa Mei 2015, katika mji wa Oklahoma City, mwanamke mmoja aliyejificha katika chumba chake cha chini alikufa maji, mafuriko yalipoingia. Mahali penye hatari ya mafuriko, chumba na kijengwe juu ya ardhi. Kikijengwa kwa kanuni, hakipungukiwi na kitu mbele ya kile cha chini.

Msingi na kuta. Sakafu huwa ya zege yenye nondo ndani yake, nazo nondo za ukuta hutoka humo zikasimama wima. Wako wanaomimina ukuta wa zege tupu, unene usiopungua inchi 6. Wengine hutumia matofali ya saruji yenye matundu, yenye upana wa inchi 8. Nondo hupita ndani ya matundu, na kila tundu hujazwa zege toka chini mpaka juu. Hapo ndipo fundi mvivu huharibu kazi, maana tundu lisilojazwa halionekani kwa nje. Ukuta wa tofali tupu hupasuka kama chungu. Wako pia watumiao mbao: ukuta wa miti hufunikwa kwa plaiwudi tabaka mbili na bamba la chuma, kisha hufungwa kwenye sakafu ya zege kwa bolti. Ukuta wa plaiwudi bila chuma hupenywa na ubao kama karatasi.

Dari. Dari ya chumba ni yake peke yake. Isishikamane na paa la nyumba. Sababu yake ni hii: paa la nyumba litakapong'olewa, lisikivute chumba pamoja nalo. Hivyo nyumba huachwa iende, na chumba hubaki.

Mlango. Hapa ndipo vyumba vingi vya kujitengenezea hushindwa. Mtu hutumia fedha zake zote katika kuta, kisha hununua mlango wa bei rahisi. Mlango upasao ni wa chuma, wenye bawaba tatu na makomeo matatu, na fremu yake imefungwa katika ukuta kwa bolti. Komeo moja halitoshi; upepo huukunja mlango pembeni kama ukurasa wa kitabu. Imepata kutokea kuta zikasimama imara, mlango ukabomoka, na aliyekuwa ndani akafa. Wengi hupendelea mlango ufungukao kwa ndani, maana kifusi kikirundikana nje, ule ufungukao kwa nje hautasogea.

Hewa na nafasi. Chumba hakikusudiwi kukaliwa siku nyingi. Tonado hupita katika dakika chache. Kwa hiyo kila mtu huhesabiwa futi za mraba 3, na mtu wa kiti cha magurudumu futi za mraba 10. Chumba cha futi 5 kwa 6 chawatosha watu sita wazima, na nafasi hubaki. Lakini hapana budi yawepo matundu ya hewa, nayo yakingwe kwa chuma ili kitu kirukacho kisipenye.

Vitu vya ndani. Maji ya kunywa, taa ya betri, redio ndogo, filimbi, viatu vigumu na dawa za mgonjwa. Viatu ni vya maana, kwa sababu watu wengi hutoka salama kisha hukanyaga misumari na vioo. Wawekao kofia ngumu kwa ajili ya kila mtoto hufanya vema. Yafaa pia kuweka mtaimbo na shoka, na kuwaarifu watu wa zimamoto wa mji mahali chumba kilipo, ili wajue pa kufukua.

ASIYE NA KIWANJA

Jambo moja lahuzunisha. Chumba hiki hugharimu maelfu ya dola, na wanaokihitaji kuliko wote ndio wasio na uwezo wa kukijenga. Watu wengi maskini wa nchi ile hukaa katika nyumba nyepesi zilizotengenezwa kiwandani na kuletwa kwa lori, ambazo hazina msingi thabiti. Nyumba hizo hupinduliwa hata na tonado isiyo kali, na watu wafao humo ni wengi mno kuliko hesabu ya nyumba zenyewe. Ndiyo sababu, baada ya maafa ya mwaka 1999, serikali ilianza kuwarudishia wenye nyumba wa Oklahoma sehemu ya gharama, na katika majimbo kadha wa kadha vimejengwa vyumba vikubwa vya watu wote, hasa mashuleni. Hata hivyo wengi bado hawana. Mtu wa namna hiyo yampasa kujua mapema jirani gani mwenye chumba atampokea, wala asingoje king'ora kilie ndipo aanze kuuliza.

NA SISI JE?

Tonado kali ni adimu sana katika nchi zilizo karibu na ikweta. Tufani kuu za baharini nazo hazifiki kwetu ila kwa nadra. Lakini haiwezekani kusema hazifiki kabisa. Mwezi wa Aprili 1872 tufani ilipiga Unguja ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Mwezi wa Aprili 1952 nyingine ilipiga pande za Lindi, na mwezi wa Mei 2024 tufani iliyoitwa Hidaya ilifika kisiwa cha Mafia. Na bila ya tufani hizo kuu, nani asiyejua kwamba msimu wa mvua ukianza, mapaa ya madarasa na ya nyumba huezuliwa na upepo?

Hatuna haja ya kujichimbia mahandaki. Lakini ile kanuni moja haina mipaka ya nchi. Mwenye kujenga nyumba, iwe ya matofali au ya miti na udongo, na aulize swali hili kabla hajamlipa fundi: paa hili limeshikwa na nini? Ikiwa jibu ni misumari tu, basi paa lenyewe halijafungwa. Nondo chache zitokazo ukutani, au waya mnene, au ukanda wa chuma upitao juu ya boriti na kushuka ukutani, hugharimu kidogo kuliko mabati mapya. Na mawe yawekwayo juu ya bati ili kulizuia ni hatari mara mbili, kwa kuwa hayazuii upepo mkali, tena humwangukia mtu.

Wahenga wamesema, tahadhari kabla ya hatari. Watu wa nyanda za Marekani wamejifunza neno hilo kwa gharama ya maisha ya watu wengi. Sisi twaweza kujifunza kwa kusoma, kisha kwa kupanda ngazi Jumamosi moja na kuyakagua mapaa yetu kabla mvua hazijaanza.